Kishingo, Chatu na Samaki wa Mwalimu

Kuku wa kishingo hahitaji kutambulishwa kwa mtu wa Bunda. Sokoni anaonekana kwa mbali: shingo tupu, ngozi imeiva kwa jua, na mwili wenye manyoya machache kuliko ya wenzake. Wafugaji humsifu kwa kuvumilia joto, na sababu inaeleweka, maana kuku hatoki jasho, na uchache wa manyoya humrahisishia kutoa joto mwilini. Kishingo aliyerithi sifa hiyo kwa baba na kwa mama hupungukiwa na karibu asilimia 40 ya manyoya. Aliyeirithi upande mmoja tu hubaki na kishungi kidogo mbele ya shingo, kwa hiyo mfugaji mwenye jicho zuri anaweza kusoma nasaba ya kuku wake bila maabara.

Muulize mtu aliyesoma biolojia sekondari ni nini kimempata kishingo. Atakwambia jeni ya kuotesha manyoya ya shingo imeharibika. Ni jibu la mtu anayefikiri, ila si sahihi. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin ya Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha kwamba kishingo ana ziada. Kipande kirefu cha vinasaba vya kromosomu ya 1 kimejipachika kwenye kromosomu ya 3, jirani na jeni iitwayo BMP12, na ujirani huo umeifanya jeni hiyo itoe protini nyingi kupita kawaida katika ngozi ya kifaranga ambaye bado yuko ndani ya yai. Kazi mojawapo ya protini hiyo ni kuzuia mashina ya manyoya yasiote. Ngozi ya shingo, kwa sababu hutengeneza asidi itokanayo na vitamini A, huitikia katazo hilo kwa urahisi kuliko ngozi ya mgongo. Ndiyo maana shingo inabaki tupu na mgongo unafunikwa. Vishingo wa Mexico, wa Ufaransa na wa Hungaria walipopimwa, wote walikutwa na badiliko lile lile.

Basi tukisema mnyama amepoteza kiungo, ni nini hasa kilichopotea? Nyoka amepoteza miguu, kuku meno, pundamilia vidole, binadamu uwezo wa kujitengenezea vitamini C. Kwa nje yote haya ni upungufu. Ukishuka hadi kwenye vinasaba, unakuta mambo yasiyofanana hata kidogo: pengine jeni imekufa kabisa, pengine ni nzima lakini swichi yake imekatika, na pengine, kama kwa kishingo, jeni inafanya kazi kuliko ilivyopaswa. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama kilichopotea kinaweza kurudi.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kuondoa dhana moja iliyokaa vichwani mwetu tangu shuleni: kwamba kiungo kisichotumika hupotea kwa sababu hakitumiki. Jean-Baptiste Lamarck aliiandika hoja hiyo mwaka 1809 na bado ina nguvu mitaani. Wafugaji wengi wamekata masikio ya ng'ombe wao kuweka alama ya umiliki, kizazi baada ya kizazi, na ndama bado huzaliwa na masikio kamili. Kinachotokea mwilini hakiandikwi kwenye jeni za mtoto. Makosa ya kunakili vinasaba hutokea yenyewe, kila kizazi, bila kujali kiungo kipi kina kazi na kipi hakina. Tofauti huja baadaye. Kosa likiangukia jeni ya kiungo kinachomwokoa mnyama na njaa au na simba, mwenye kosa hilo huacha watoto wachache na kosa likaisha naye. Likiangukia kiungo kisicho na kazi, hakuna wa kulichuja. Kutotumika hakuharibu kitu. Kunaondoa tu mlinzi. Lakini hata maelezo haya, yaliyo sahihi zaidi, hayatoshi, kwa sababu viungo vingi vimepotea huku jeni zake zikiwa salama kabisa.

Ushahidi mzuri kuliko wote niujuao uko Ziwa Victoria, na una jina la mwana wa Butiama. Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Julius Nyerere alipoondoka Ikulu, watafiti wa Kiholanzi Els Witte-Maas na Frans Witte, waliokuwa wakichunguza samaki aina ya furu wa kusini mwa ziwa, walimtangaza furu mpya wakamwita Haplochromis nyererei. Sasa vitabu vinamwita Pundamilia nyererei. Hukaa kwenye miamba. Dume lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, na mistari myeusi ya wima. Asichokuwa nacho ni mistari ya ulalo, ile inayotoka upande wa kichwa hadi mkiani, ambayo furu wengine wa ziwa hilohilo wanayo, kwa mfano Haplochromis sauvagei.

Mistari hiyo ya ulalo ina historia ya ajabu. Maziwa ya Afrika Mashariki, yaani Victoria, Tanganyika na Nyasa na mengine madogo, yana spishi zaidi ya 1,200 za jamii ya furu, na katika ukoo huo mistari imetokea, ikapotea na kutokea tena mara nyingi, katika kila ziwa kivyake. Claudius Kratochwil, Axel Meyer na wenzao wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walimzalisha samaki wa Mwalimu na sauvagei, kisha wakawapandisha watoto wao kwa wao na kuangalia ni wajukuu gani wana mistari na wamerithi sehemu gani ya vinasaba. Njia zote ziliishia kwenye jeni moja, agrp2. Matokeo yao, yaliyotoka katika jarida la Science mwaka 2018, yalipindua matarajio: samaki wenye mistari ndio wenye jeni iliyonyamaza, na wasio na mistari ndio ambao jeni yao inafanya kazi kwa nguvu. Jeni hiyo ni mzuiaji. Samaki wa Mwalimu bado ana kila kinachohitajika kuchora mistari, ila ngozi yake inaamriwa usiku na mchana isichore.

Wakaenda hatua moja zaidi. Kwa kutumia teknolojia ya kukata vinasaba ijulikanayo kama CRISPR, waliiharibu agrp2 katika mayai ya nyererei. Samaki waliokua walikuwa na mistari ya ulalo, mistari ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Tafakari kilichotokea hapo: jeni imevunjwa, na kiungo kimeongezeka. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila jeni ni ya kitu fulani, na ikifa kitu hicho hufa, hana pa kuliweka jambo hili.

Kwa nini mageuko yapitie mlango huo wa kuzima na kuwasha badala ya kuua jeni moja kwa moja? Jibu ni kwamba jeni nyingi muhimu zina kazi zaidi ya moja. Ni kama nyumba yenye umeme wa laini moja na swichi katika kila chumba: ukikata laini, nyumba nzima inaingia gizani, ukiharibu swichi ya jikoni, jikoni peke yake ndiko kunakozimika. Jeni inayojenga mguu inajenga pia ubongo na uti wa mgongo. Mnyama aliyeipoteza kabisa hazaliwi. Aliyepoteza swichi ya mguu peke yake huzaliwa, ila bila mguu.

Nyoka ndiye shahidi. Chatu wa Serengeti, ukimgeuza tumbo juu (waachie wataalamu kazi hiyo), ana kucha mbili ndogo kandokando ya tundu la haja. Ni masalia ya miguu ya nyuma, na dume huyatumia kumgusagusa jike wakati wa kupandana. Swila na wengi wa nyoka wengine hawana hata hicho. Jeni inayohusika inaitwa Sonic hedgehog, kwa kifupi SHH, na nyoka wote wanayo ikiwa nzima, maana hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayeweza kuishi bila hiyo. Swichi yake ya miguu inaitwa ZRS, nayo iko mbali na jeni yenyewe kwa umbali wa karibu herufi milioni moja za vinasaba, ikiwa imefichwa ndani ya jeni nyingine kabisa. Kwa binadamu, kosa dogo katika swichi hiyo linatosha kumfanya mtoto azaliwe na kidole cha ziada.

Mwaka 2016 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, waliitoa swichi ya panya wakaweka ya wanyama wengine mahali pake. Walipoweka ya binadamu, panya walizaliwa na miguu kamili. Walipoweka ya silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwa bahati mbaya, miguu ilikuwa kamili pia, jambo linaloonyesha jinsi swichi hii ilivyo kongwe. Walipoweka ya chatu au ya swila, panya walizaliwa na vigutu. Kisha wakairudia swichi ya chatu na kuirejeshea herufi 17 zilizokuwa zimefutika. Miguu ya panya ikaota. Herufi 17, katika maandishi ya vinasaba yenye zaidi ya bilioni moja. Mwaka huohuo timu nyingine, ya Chuo Kikuu cha Florida, ilionyesha kwamba kiinitete cha chatu huanza kweli kuwasha SHH kwenye vichipukizi vya miguu ya nyuma, kisha ishara inazimika mapema na ujenzi unasimama.

Kwa wanyama wenye kwato nitapita haraka. Ng'ombe, swala na nyumbu wamebaki na vidole viwili vinavyokanyaga, pundamilia na punda kimoja. Utafiti wa mwaka 2014 uligundua kwamba kwa ng'ombe swichi ya jeni nyingine, PTCH1, ilidhoofika katika mguu, hata vidole vikapoteza mpangilio wa tano. Kwa farasi, ndugu wa pundamilia, njia ilikuwa tofauti: seli za vidole vya pembeni huanza kujengwa na kisha hufa kwa amri. Kwato mbili zinazokanyaga nyasi za Ndabaka bega kwa bega, ya nyumbu na ya pundamilia, zimefika hapo kwa njia mbili zisizohusiana.

Sasa tuje kwenye jeni zilizokufa kweli. Turudi kwa kuku, maana naye ana maiti zake. Ndege wote wa leo hawana meno, ingawa mababu zao walikuwa nayo. Mwaka 2014 vinasaba vya ndege 48 vilipolinganishwa, mabaki ya jeni za kutengeneza enameli, lile ganda gumu la nje la jino, yalikutwa kwa wote, yakiwa yamevunjika, na baadhi ya mivunjiko ilikuwa ileile kwa wote. Maana yake ilitokea kwa babu mmoja. Makadirio yanaiweka miaka kama milioni 116 iliyopita. Kakakuona, ambaye jina lake halikosi kwenye kesi za ujangili, ana hadithi ileile: jamaa zake wawili wa Asia waliposomwa vinasaba mwaka 2016, jeni kadhaa za enameli zilikutwa zimekufa, kwa kuwa mla mchwa na siafu hana cha kutafuna. Mhanga, jirani yake wa usiku, bado ana meno, lakini hayana enameli, na jeni ya enameli kwake imeharibika pia.

Kuna jambo hapa linalofaa kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2006 watafiti walieleza juu ya viinitete vya kuku vyenye kasoro ya kurithi iitwayo talpid2, ambavyo taya zake huota vijino vyenye umbo la meno ya mamba. Vifaranga hao hufa kabla ya kuanguliwa. Inawezekanaje kiumbe ambaye ukoo wake haujaota jino kwa miaka zaidi ya milioni mia aanze kuliotesha? Jibu liko kwenye kazi nyingi za jeni. Jeni zinazochora umbo la jino zinachora pia manyoya, magamba ya miguu na viungo vingine, kwa hiyo uteuzi asilia umezilinda wakati wote. Jeni za enameli zilikuwa na kazi moja tu. Kazi ilipoisha, zikabaki bila mlinzi, zikaoza. Kwa hiyo kuku anaweza kukumbushwa umbo la jino, lakini enameli hawezi kuirudisha.

Nasi tumo humo. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini C kwenye ini au figo. Komba, yule anayelia usiku mitini, anaweza. Nyani, tumbili na binadamu hatuwezi: jeni ya hatua ya mwisho ya kazi hiyo, GULO, ilikufa kwa babu yetu wa pamoja mamilioni ya miaka iliyopita, na masalia yake bado yapo kwenye kromosomu yetu ya 8. Babu huyo alikuwa akila matunda, na upungufu haukumdhuru. Gharama ilikuja kuonekana kwa mabaharia wa Ulaya waliokaa baharini miezi bila tunda, wakatokwa damu kwenye fizi na kufa.

Mfano mkali zaidi wa uozo uko Somalia. Chini ya jangwa, kwenye mito ya mapangoni, anaishi samaki aitwaye Phreatichthys andruzzii. Hana macho, hana magamba, hana rangi. Watafiti wa Italia na Ujerumani waliomfuga waligundua mwaka 2011 kwamba saa yake ya mwili bado inatembea, ila mzunguko wake ni wa saa 47 na mwanga hauwezi kuirekebisha, kwa sababu protini za kupokea mwanga zimeharibika. Mwaka 2018 wakaongeza kwamba amepoteza hata mfumo unaowawezesha viumbe wengi kutumia mwanga wa jua kukarabati vinasaba vilivyoharibiwa na jua. Uharibifu haukukomea kwenye macho. Ulifuata nyuzi zote zilizofungamana na mwanga. Pale pangoni Lamarck angeshangilia, na angekuwa amekosea sababu.

Kupotea kwa rangi kunanipeleka kwenye jambo ambalo mwandishi yeyote wa Kanda ya Ziwa hana haki ya kulikwepa. Huko Mexico kuna samaki mwingine wa mapangoni, Astyanax, aliyekuwa mweupe baada ya jeni iitwayo OCA2 kukatika. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba mapango mawili tofauti yana samaki waliopoteza vipande tofauti vya jeni hiyohiyo. Jeni hiyo tunayo na sisi. Watanzania wengi wenye ualbino wamerithi kwa wazazi wote wawili nakala za OCA2 zenye upungufu, na upungufu ulio wa kawaida zaidi hapa ni kufutika kwa kipande cha herufi kama 2,700, jambo lililochapishwa tangu mwaka 1995. Mzazi mwenye nakala moja hana dalili yoyote. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne. Hakuna siri nyingine ndani yake, na waliowaua ndugu zetu kwa ajili ya viungo vyao miaka ya 2000 waliua kwa uongo mtupu. Kwa upande wa hoja yetu, linganisha mazingira: gizani, kukosa melanini hakumgharimu samaki chochote, chini ya jua la Mara, kunaweza kumletea mtu saratani ya ngozi asipopata kofia, mafuta ya kinga na kliniki. Kosa la vinasaba ni la aina moja, na mahali linapotokea ndipo panapoamua kama litaenea katika spishi au litabaki kwa wachache.

Mara nyingine anayeamua ni bunduki. Wakulima wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi wanawafahamu tembo kwa hasara ya mahindi na mihogo kuliko kwa picha za watalii, na wengi wamewahi kuona tembo asiye na pembe. Pembe ya tembo ni jino, la mbele la taya ya juu, lililorefuka. Katika makundi mengi ya tembo wa Afrika wapo majike wachache wanaozaliwa bila hilo jino. Jangili hana haja nao. Hesabu ya mwaka 2009 iliipa Tanzania tembo wapatao 109,000. Ile ya mwaka 2014 ikakuta karibu 43,000, na maangamizi makubwa yalikuwa kusini, Selous na Ruaha. Mauaji ya kiwango hicho hayapunguzi idadi peke yake. Yanachagua.

Utafiti uliofungua jambo hili ulifanyika Gorongosa, Msumbiji, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mwaka 1977 na 1992 viliua zaidi ya asilimia 90 ya tembo, pembe zikilipia silaha na nyama ikiwalisha wapiganaji. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5. Baada yake, asilimia 51. Mwaka 2021 Shane Campbell-Staton na wenzake walitambua sehemu mbili za vinasaba zinazohusika, mojawapo ikiwa AMELX, jeni ya enameli iliyoko kwenye kromosomu ya X. Badiliko hilo humnyima jike pembe akilirithi upande mmoja tu, lakini dume, mwenye X moja, akilirithi hufa kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana tembo dume asiye na pembe ni adimu mno. Mama asiye na pembe akishika mimba nne, kwa wastani mbili zitakuwa za majike, mmoja mwenye pembe na mmoja asiye nazo, moja ya dume mzima, na moja ya dume atakayepotea. Theluthi mbili ya watoto wake watakuwa majike. Jeni inayomwokoa mama na risasi inawaua nusu ya wanawe wa kiume.

Kwa hiyo sifikiri ni sawa kusema tembo wanajikinga na majangili kwa kuacha pembe, kama vichwa vya habari vilivyosema wakati ule. Hakuna tembo aliyeamua. Walioachwa hai ndio waliozaa, na walichorithisha kina bei yake mwilini. Pembe ina kazi: kuchimba maji na chumvi, kubandua magome, kusukuma miti. Na miti isiyosukumwa hubadilisha mbuga.

Je, kilichopotea hurudi? Louis Dollo, mtaalamu wa Kibelgiji wa visukuku, alisema mwaka 1893 kwamba mageuko hayarudi nyuma, na kwa muda mrefu kauli yake ilichukuliwa kama sheria. Mifano tuliyopitia inaonyesha kwamba jibu linategemea njia iliyotumika kupoteza. Jeni iliyonyamaza na isiyo na kazi nyingine ina muda wake. Hesabu zilizofanywa mwaka 1994 zilionyesha kwamba inaweza kudumu ikiwa nzima kwa miaka laki kadhaa hadi milioni chache, na ikivuka milioni 10 matumaini ni madogo sana. Meno ya kakakuona hayarudi. Vitamini C yetu hairudi. Kwa nyoka swichi ndiyo iliyoharibika, lakini imekaa bila mlinzi muda mrefu mno: chatu amepoteza herufi chache, swila amepoteza nyingi zaidi, na hakuna anayesubiri kumwona swila mwenye miguu.

Tembo wako upande mwingine. Hapo jeni zote mbili, yenye pembe na isiyo na pembe, bado zinazunguka katika kundi moja, na bunduki ikinyamaza uwiano unaanza kugeuka. Gorongosa, miongoni mwa majike waliozaliwa baada ya vita, wasio na pembe ni asilimia 33. Ni wachache kuliko 51 ya waliookoka, ni wengi kuliko 18.5 ya zamani. Tembo huzaa polepole, na hesabu hii itachukua vizazi.

Furu ndio wenye uwezo mkubwa kuliko wote wa kupoteza na kurudisha, na siri yao ni akiba. Ziwa Victoria lilikauka, kisha likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, na ndani ya muda huo mfupi mamia ya spishi yakatokea. Yasingewezekana yote hayo kama kila spishi ingesubiri makosa mapya ya vinasaba. Furu walichanganya upya tofauti walizorithi kutoka kwa mababu waliokuwa mchanganyiko wa koo mbili za mito. Jeni iliyonyamaza kwa huyu iko hai kwa jirani yake wa mwamba wa pili.

Akiba hiyo ndiyo inayopungua sasa. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akafumuka miaka ya 1980, na mamia ya spishi za furu wakatoweka, wengine kabla ya kupewa jina. Mbolea, maji taka na udongo wa mashamba vikatia tope maji. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kile tope linachofanya: jike la furu huchagua dume kwa rangi, na rangi huonekana penye mwanga. Kisiwa cha Makobe, upande wa magharibi wa Ghuba ya Speke, ghuba hiyohiyo inayogusa Bunda, kina maji maangavu, na hapo samaki wa Mwalimu mwekundu na ndugu yake wa buluu, Pundamilia pundamilia, ni spishi mbili zisizochanganyika. Kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, kina maji ya tope. Hapo hakuna jeni iliyokufa wala swichi iliyokatika. Kuna kundi moja la samaki, na madume mengi si mekundu wala si ya buluu.